Kendo, iaido na shule za kale: ipi itakufikisha karibu na upanga wenyewe?

Anayetamani kujifunza upanga wa Kijapani hukutana mapema na ubishi mmoja. Upande mmoja wanasema kendo ni mchezo wa fimbo za mianzi, na kwamba bingwa wake akipewa katana halisi hatavuka pigo la kwanza. Upande wa pili wanajibu kwamba hao wa iaido, wanaochomoa upanga mbele ya ukuta mtupu, hawajawahi kukutana na mtu anayetaka kuwapiga, kwa hiyo hawajui wanachokifanya. Nimewasikia wote wakisema kwa ukali, na wote wana sehemu ya haki. Anayechagua pa kuanzia anahitaji kujua haki ya kila upande inaishia wapi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kupigana kwa upanga kuna mambo mawili makubwa: kuna mtu wa mbele anayekukatalia, na kuna makali yanayokata. Hakuna zoezi linaloweza kukupa yote mawili kikamilifu kwa wakati mmoja, kwa sababu wanafunzi wangeisha. Kendo ilimshika mtu ikayaachia makali. Iaido na mazoezi ya kukata yaliyashika makali yakamwachia mtu. Shule za kale zilijaribu kushika yote kwa kata, yaani miendo iliyopangwa mapema, za watu wawili, nazo zililipa gharama yake. Uchaguzi wako ni juu ya nini uko tayari kukikosa kwanza.

Mwanzi uliingiaje

Watu wengi hudhani shinai, ile fimbo ya mianzi ya kendo, ililetwa na michezo ya kisasa. Sivyo. Katika karne ya 16, enzi ya vita vyenyewe, Kamiizumi Nobutsuna wa shule ya Shinkage-ryu alikuwa anafundishia kwa mwanzi uliopasuliwa na kuvikwa ngozi. Sababu ilikuwa ya kikazi. Upanga wa mbao, bokuto, unavunja mifupa na unaua. Inasimuliwa kuwa mwaka 1612 mpiga upanga mashuhuri Miyamoto Musashi alimuua mpinzani wake Sasaki Kojiro kwa mti tu. Ukifanya mazoezi kwa bokuto lazima uzuie pigo kabla halijagusa, na anayezuia kila siku anaizoeza mikono yake kuzuia. Mwanzi ulimruhusu mwanafunzi kupiga hadi mwisho.

Katika karne ya 18, wakati Japani ilikuwa imekaa kwenye amani kwa zaidi ya miaka mia moja, Naganuma Shirozaemon wa Jikishinkage-ryu na baadaye Nakanishi Chuzo wa Itto-ryu walieneza mazoezi ya kuvaa kinyago, dirii na glavu nene. Hapo ndipo mapambano ya kupigana bila mpango yalipowezekana, na vijana wakayakimbilia. Wazee wa shule zao walilalamika kwamba upanga unageuka mchezo. Ubishi tunaousikia leo, basi, una umri wa zaidi ya miaka 250.

Wazee hawakukosea kabisa. Katika miaka ya 1830 Oishi Susumu, mtu mrefu kutoka Yanagawa, alifika Edo, Tokyo ya leo, na shinai ya zaidi ya mita moja na nusu, akawatandika mabingwa wa mji kwa kuwachoma kutoka mbali. Mara kumbi zikajaa shinai ndefu. Hakuna mtu angebeba katana ya urefu ule kiunoni, lakini ukumbini ilishinda, na kilichoshinda kikaigwa. Mwaka 1856 chuo cha kijeshi cha serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, kilichoitwa Kobusho, kikaweka kikomo cha shaku 3 na sun 8, yaani karibu sentimita 115. Kwangu kisa hiki ndicho kinachoieleza kendo kuliko vyote: kila unapoyaondoa makali, hila inayoshinda ukumbini huanza kuachana na hila ambayo ingeshinda barabarani, na lazima pawepo mtu wa kuirudisha kwa nguvu.

Shinai na katana, ukizishika moja kwa kila mkono

Shinai ya leo ya mtu mzima ni vipande vinne vya mwanzi vilivyobanwa kwa ngozi kwenye ncha na kwenye mpini, na uzi uliokazwa kutoka ncha hadi mpini. Kanuni za mashindano zinasema urefu wake wote usizidi sentimita 120, na uzito usipungue gramu 510 kwa wanaume na 440 kwa wanawake. Katana ya kawaida ina bapa la karibu sentimita 70, urefu wote kama mita moja pamoja na mpini, na uzito wa kilo moja au zaidi kidogo. Shinai, kwa hiyo, ni ndefu zaidi, ni nyepesi karibu kwa nusu, imenyooka, na ni ya mviringo.

Wepesi unakupa uwezo wa kuanza pigo la kichwani na kuligeuza liangukie mkononi kabla halijafika. Katana ikishaanza kushuka haikubali kugeuzwa hivyo kirahisi. Urefu nao unabadilisha umbali: hatua moja ya kendo inaanzia mbali kuliko hatua moja ya katana, na mchezaji wa kendo anayeshika bokuto kwa mara ya kwanza mara nyingi hujikuta ncha yake haifiki.

Kunyooka na uviringo vina athari ya ndani zaidi. Ubavu wa katana una tuta linaloitwa shinogi, na mpindo wa bapa unaliwezesha tuta hilo kuuchepusha upanga wa adui wakati wako unapanda. Kata ya tano ya kendo inafundisha hilo waziwazi: pigo la kichwani linakuja, unalichepusha kwa kupandisha, unashuka na kukata. Jaribu hivyo kwa shinai. Inawezekana, lakini mwanzi wa mviringo hauna tuta, kwa hiyo unajifunza kugonga pale ambapo katana ingeteleza.

Halafu kuna makali. Uzi wa shinai unawakilisha mgongo wa upanga, na upande ulio kinyume chake ndio makali. Kanuni hazikubali pointi kama makali hayo hayakuelekea kwenye shabaha. Ila mambo yanapokwenda kasi, mwanzi uliopinduka kidogo hutoa mlio uleule, na bendera za waamuzi wakati mwingine hunyanyuka. Katana haisamehi. Aliyewahi kufyeka kichaka kwa panga anajua: ukilaza mkono kidogo tu, chuma kinateleza au kinakwama, na bega ndilo linalolipa. Upanga mwembamba na mrefu zaidi huweza kupinda kabisa.

Pigo si mkato

Pigo la kendo hufika na kukazwa kwa viganja, kisha mpigaji anapita mbele ya mpinzani kwa kasi. Mkato wa katana ndiyo kwanza unaanza pale makali yanapogusa. Bapa linavutwa na kuendelea kupita ndani. Mwendo wa mabega unafanana, mwisho wake haufanani.

Shabaha pia ni chache. Kendo inahesabu kichwa, kifundo cha mkono, kiwiliwili chini ya mbavu, na kuchoma kooni. Miguu haihesabiwi, mabega hayahesabiwi. Mkato wa mshazari unaoshuka kutoka bega hadi ubavu wa pili, ule ambao watu wa kukata huuona kuwa mama wa mikato yote, ndani ya kendo hauna thamani yoyote. Mchezaji anaweza kufika daraja la juu bila kuufanya hata mara moja akiwa amevaa dirii.

Miguu yenyewe imezoea sakafu ya mbao. Lile kanyago kubwa la mguu wa kulia linalolia pamoja na pigo linahitaji ubao laini unaorudisha nguvu. Kwenye matope, changarawe au ngazi lingekuangusha.

Lakini kasoro ninayoiona nzito kuliko zote ni ya muda. Katika kendo, ukinitangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde, pointi ni yako, na pigo langu lililotua kichwani pako mara tu baada yake halihesabiwi. Kwa chuma, sote wawili tuko chini. Mazoezi ya miaka yanayomlipa anayetangulia kidogo humfundisha mtu kuingia pasipoingilika. Walimu wazuri wanalijua hili na wanamkemea mwanafunzi anayepiga bila kwanza kuuondoa upanga wa mwenzake katikati. Wasio wazuri wanahesabu medali.

Kile ambacho mwanzi peke yake unakipa

Pamoja na hayo yote, naipenda kendo, na sababu yake haipatikani kwingine.

Simama mbele ya mtu mzima aliyevaa kinyago, ncha yake ikiwa imeelekea kooni pako, na ujaribu kumpiga wakati naye anataka kukupiga. Ndani ya dakika moja utajua mambo ambayo kata haikukuambia. Mwili unajikunja wenyewe. Pumzi inakatika. Pigo ulilolifanya vizuri mara elfu peke yako linakataa kutoka, au linatoka wakati usiofaa kwa sababu umeogopa. Wajapani wanazitaja hali nne zinazomwangusha mpiganaji: kushtuka, kuhofu, kutia shaka na kuchanganyikiwa. Katika kendo unakutana na zote nne kila jioni, na unajifunza kuzipanda kwa mwenzako kabla hajazipanda kwako. Kumsonga mtu kwa ncha na kwa nia hadi ajifungue mwenyewe huitwa seme, na huo ndio moyo wa jambo. Umbali wa hatua moja na pigo moja, wakati wa kumdaka anapoanza tu kunyanyuka, ubishi wa nani anaushika mstari wa katikati: haya yote ni ya upanga, na mwanzi haukuyaharibu.

Historia inatoa ushahidi wake. Baada ya marufuku ya kubeba panga ya mwaka 1876 sanaa hii ilikuwa inakufa. Tangu 1873 mwalimu wa upanga Sakakibara Kenkichi alikuwa akiwalisha mabingwa kwa kuonyesha mapambano kwa kiingilio. Mwaka 1877, katika uasi wa Satsuma, kikosi cha polisi kilipelekwa Tabaruzaka kupigana kwa panga, ana kwa ana. Wengi wao walitoka katika nyumba za samurai na walikuwa wamelelewa kwenye mazoezi ya shinai na dirii. Walifaulu kiasi kwamba mkuu wa polisi, Kawaji Toshiyoshi, aliyapigania mazoezi ya upanga ndani ya jeshi lake, na mpaka sasa polisi ndio nguzo ya kendo ya Japani. Miyazaki Masahiro alitwaa ubingwa wa taifa mara 6 akiwa polisi wa Kanagawa. Sidai kwamba hilo linathibitisha kila kitu. Linatosha kuniambia kuwa mwanzi haukuwafanya wale watu wa 1877 kuwa wanyonge.

Kuna na ile hali ya kubaki macho baada ya pigo, zanshin. Mchezaji akishangilia pointi yake, waamuzi wanaweza kuifuta. Sijui mchezo mwingine wenye ukali huo, na chanzo chake ni upanga: adui aliyekatwa bado anaweza kukukata.

Jambo moja ambalo wengi hulipita haraka: kendo yenyewe ina kata 10 za bokuto, zilizokamilishwa mwaka 1912 kutoka shule mbalimbali, saba za upanga mrefu dhidi ya upanga mrefu na tatu za upanga mfupi dhidi ya mrefu. Huwezi kupanda dan, yaani madaraja ya juu, bila hizo. Mwaka 2003 Shirikisho la Kendo la Japani liliongeza mazoezi 9 ya msingi ya bokuto, kwa ajili hasa ya kumrudishia mchezaji wa shinai hisia ya makali. Klabu inayozifanya kata hizi wiki mbili tu kabla ya mtihani imejinyima nusu ya kendo. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza ninapoitazama klabu.

Iaido na ukataji

Iaido inaanza upanga ukiwa ndani ya ala. Unachomoa na kukata kwa mwendo mmoja, unamaliza, unakung'uta damu ya kuwazia, unarudisha. Shirikisho lilipanga kata za pamoja 7 mwaka 1969, likaongeza hadi zikawa 12. Nne huanzia chini, kwa kupiga magoti au kukaa na goti moja limenyanyuka. 8 huanzia kwa kusimama. Wanaoanza hutumia iaito, upanga wa mazoezi wa aloi ya alumini na zinki usiotiwa makali. Wenye madaraja ya juu hushika upanga halisi.

Hapa unajifunza yale ambayo shinai haina: uzito unaovuta, mpindo, pembe ya makali, hatari ya vidole vyako mwenyewe mdomoni mwa ala. Unapunguza kasi hadi unajiona kila kosa. Ni shule ngumu na ya uaminifu, na mzee wa miaka 70 anaweza kuendelea nayo akiwa bado anapanda. Pungufu yake inajulikana: adui ni wa kuwazia, na adui wa kuwazia hakubali kamwe kuwa na akili kukuzidi. Hata kwenye mashindano, wawili hufanya kata bega kwa bega na waamuzi wakachagua. Hakuna anayekuingilia.

Ukataji wenyewe, tameshigiri, hutumia mikeka ya nyasi iliyoviringishwa na kulowekwa maji. Shule iliyoushika zaidi ni Toyama-ryu, iliyotokana na mafunzo yaliyopangwa mwaka 1925 katika chuo cha jeshi cha Toyama, na mwalimu wake mashuhuri, Nakamura Taizaburo, baadaye akaanzisha mtindo wake. Mkeka hausifii mtu. Ukikosea pembe unaona kovu lililopindika, ukipatia unaona umekatika kabla haujaanguka. Kila mchezaji wa kendo angefaidika kukata mara chache chini ya mwalimu. Ila mkeka umesimama tu pale, na nimewaona watu waliokata mikeka mingi wakaamini kwamba wamejifunza kupigana.

Shule za kale

Ukitaka upanga kama ulivyofikiriwa na watu waliouhitaji, nenda kwenye koryu: Katori Shinto-ryu ya Chiba, iliyoanzishwa na Iizasa Choisai katika karne ya 15, Yagyu Shinkage-ryu, Ono-ha Itto-ryu, Niten Ichi-ryu ya Musashi. Kata zao ni za watu wawili, zenye umbali wa kweli na shabaha za kweli. Katori inalenga nyufa za mavazi ya chuma: ndani ya kifundo, kwapa, shingo, mapaja. Kendo inapiga juu ya dirii, Katori inatafuta pasipo na dirii. Kwa mtu anayetaka kuelewa kwa nini upanga ulishikwa vile, hakuna kinachozidi hapo.

Gharama ni kwamba mwisho wa kata unajulikana. Mkubwa ndiye anayeshambulia na kumwongoza mdogo, na yeye ndiye anayekubali kukatwa. Ukiwa na mkubwa hodari, anakusonga mpaka jasho linatoka. Ukiwa na mvivu, mnacheza ngoma ya mbao. Pia milango yake ni finyu. Katori huwataka wanaoingia wale kiapo kwa damu, walimu ni wachache, na wengi wako Japani. Jihadhari na anayejiita mrithi wa shule ya kale bila kuweza kumtaja mwalimu wake na mwalimu wa mwalimu wake.

Nani achague nini

Kijana mwenye magoti mazima, anayependa kupambana, aanze na kendo bila kusita. Kipindi cha mwanzo hakihitaji dirii, shinai na nguo za mazoezi zinatosha. Dirii ni ghali na isinunuliwe mpaka mwalimu aseme. Ajue tu kwamba kano ya kisigino cha mguu wa kushoto ndiyo inayoumia katika mchezo huu, na kisigino cha kulia hupata michubuko. Aikague shinai kila siku kabla ya kuanza: chembe ya mwanzi uliopasuka ikipenya kwenye vyuma vya kinyago inaweza kulipofua jicho la mwenzake.

Aliyepita miaka 50 bila mazoezi, au mwenye tabia ya utulivu na jicho la undani, iaido itamfaa zaidi. Mwenye magoti mabovu amweleze mwalimu mapema, maana zile kata 8 za kusimama zinaweza kufanywa kwanza. Aliyetoka kwenye karate ya mapambano huwa anaipenda kendo. Aliyeipenda karate kwa kata zake huvutwa na iaido.

Anayeutafuta upanga wenyewe, na ana miaka ya kutumia, namshauri kendo kwanza, iaido juu yake baada ya kupata dan ya kwanza, na koryu kama Mungu akimjalia mwalimu. Nasema kendo kwanza kwa sababu hofu na umbali ni vigumu kuvijifunza ukubwani, ilhali pembe ya makali inaweza kusahihishwa wakati wowote. Wengine huanza kinyume na wanafika. Wengi wa walimu wakubwa wa Japani wana madaraja ya kendo na iaido pamoja, na miji mingi ya Ulaya na Amerika Kaskazini ina klabu zinazofundisha vyote viwili ukumbi mmoja, jioni tofauti.

Palipo na mwalimu mmoja tu, chagua anachokifundisha yeye. Iaido ya mwalimu mzuri inashinda kendo ya mtu aliyejifunza kwa video, na kinyume chake ni hivyo hivyo. Siku ya kwanza nenda utazame tu: angalia kama wakubwa wanawaumiza wadogo, kama bokuto zimeshikwa jioni hiyo, na kama mwalimu mwenyewe bado ana mtu wa kumsahihisha.

Pasipo na mwalimu kabisa, nunua bokuto, siyo katana. Bokuto ina mpindo na upande wa makali, inavumilia makosa, na mwendo wa kunyanyua na kushusha mbele ya kioo, mara 100 kwa siku, utaunyoosha mstari wako huku ukimsubiri. Upanga uliotiwa makali usiushike peke yako chumbani, na kabla ya kuagiza hata ule wa mazoezi, uliza polisi na forodha wa nchi unayoishi wanauhesabu kuwa nini.